Kurekebisha mandhari ya WordPress kwenye kompyuta ya mezani: panapokwama na ninavyopakwamua

Kazi yangu kubwa ni kurekebisha mandhari (theme, yaani sura ya blogu) za WordPress, programu ya kuendeshea blogu, kwa wenye blogu, na naifanyia kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows kabla ya kupandisha chochote kwenye seva. Msimbo wenyewe huwa mfupi. Muda unaliwa na faili: jina lake, namna lilivyohifadhiwa, folda lilimowekwa, au nakala yake ya zamani ambayo kivinjari hakitaki kuiachia. Kwa hiyo nikiona kitu kimegoma, nakagua faili kwanza, msimbo baadaye.

Jambo la kwanza kabisa ni kutogusa mafaili ya mandhari uliyopakua. Sasisho likija, WordPress hufuta folda nzima ya mandhari na kuweka mpya, na marekebisho yako yote yanakwenda nayo. Natengeneza mandhari mwana (child theme), inayorithi kutoka kwa ile uliyopakua, ambayo ndiyo mandhari mama. Ndani ya wp-content/themes naweka folda mpya, tuseme blogu-mwana, na ndani yake faili la style.css (CSS ni lugha ya kupanga rangi na mwonekano wa ukurasa) linaloanza hivi:

/*
Theme Name: Blogu Mwana
Template: twentysixteen
*/

Neno linalofuata Template ni jina la folda ya mandhari mama, si jina linaloonekana kwenye dashibodi. Ukiandika "Twenty Sixteen" badala ya twentysixteen, WordPress itakuambia mandhari mama haipo. Herufi ndogo ziache ndogo: Windows haibagui herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, lakini seva nyingi zinatumia Linux, nayo inabagua. Ndiyo maana picha iliyoitwa Bango.JPG huonekana vizuri nyumbani kama msimbo unaitaja bango.jpg, kisha ikapotea blogu ikishapanda. Nimejiwekea kanuni ya kuandika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi.

Ukiiwasha mandhari mwana wakati huo, mara nyingi ukurasa unakuja uchi, maandishi meupe na meusi tu, viungo vimejipanga kama orodha ya sokoni. Hapa wengi hudhani wameharibu kitu. Sababu ni kwamba mandhari mama kama Twenty Sixteen huita mtindo wake kwa get_stylesheet_uri(), na kazi hiyo (function, yaani kipande cha msimbo chenye jina) hurejesha anwani ya style.css ya mandhari iliyowashwa, yaani ya mwana. Mtindo wa mama hauitwi na mtu. Dawa ni kuuita mwenyewe kwenye functions.php ya mwana, faili la msimbo wa PHP, lugha inayoendesha WordPress:

<?php
add_action( 'wp_enqueue_scripts', function () {
    wp_enqueue_style( 'mtindo-mama', get_template_directory_uri() . '/style.css' );
}, 5 );

Namba 5 mwishoni inafanya mtindo wa mama utangulie, kwa kuwa kawaida ni 10. Ukitanguliwa na wa mwana, rangi zako zitafunikwa. Zipo mandhari zinazofanya kinyume: zinatumia get_template_directory_uri(), basi mtindo wa mama unaingia na wa mwana ndio unaosahaulika. Fungua functions.php ya mama, tafuta wp_enqueue_style, usome mstari huo kabla ya kubandika chochote ulichokiokota mtandaoni.

Kabla ya kuwasha mandhari mwana, nakili pia CSS yoyote uliyokuwa umeandika kwenye sehemu ya Additional CSS. WordPress huitunza kwa kila mandhari peke yake, na picha ya kichwa na rangi vivyo hivyo. Havijafutika, vimebaki kwa mama.

Faili la functions.php lina tabia yake. Mafaili kama header.php au single.php yakiwekwa kwa mwana, yanachukua nafasi ya yale ya mama. Lakini functions.php zote mbili husomwa, na ya mwana husomwa kwanza. Ukinakili kazi kutoka kwa mama ukaiacha na jina lilelile, mama atakapofika zamu yake PHP itasema "Cannot redeclare" na blogu nzima itasimama. Inakubalika pale tu ambapo mama ameizungushia if ( ! function_exists( ... ) ), kama ilivyo kwa twentysixteen_setup. Penginepo, ipe kazi yako jina jipya.

Sasa Windows yenyewe. Ikiwa katika hali yake ya kawaida, inaficha viendelezi vya mafaili (herufi za mwisho wa jina, kama .php au .txt), kwa hiyo unaona functions.php kumbe ni functions.php.txt, na WordPress haina habari nalo. Fungua File Explorer, nenda View (kwenye Windows 11, View kisha Show), weka alama kwenye File name extensions. Hili nalifanya kwenye kila kompyuta ninayokalia, kabla ya jambo jingine.

Kisha kuna baiti tatu zisizoonekana, EF BB BF, zinazoitwa BOM. Notepad ya kabla ya Windows 10 toleo la 1903, la mwaka 2019, iliziweka mwanzoni mwa faili kila ulipochagua UTF-8. Kwa barua ya kawaida hazina madhara. Kwa PHP ni balaa, maana chochote kilicho kabla ya <?php hutumwa kwa kivinjari papo hapo, na baada ya hapo seva haiwezi tena kutuma vichwa vya ukurasa (headers, taarifa zinazotangulia ukurasa wenyewe). Ujumbe unaoupata ni "Cannot modify header information - headers already sent", na mara nyingi unashindwa hata kuingia kwenye dashibodi kwa sababu kuki haiwezi kuwekwa. Soma ujumbe huo mpaka mwisho: unataja faili na mstari ambako matini yalianzia kutoka. Ukisema mstari wa 1, shuku baiti hizo au nafasi iliyotangulia. Ukitaja mstari wa mwisho, kuna nafasi au mstari mtupu baada ya ?>. Alama hiyo ya kufungia naiondoa kabisa. Faili lenye PHP tupu haliihitaji. Kwenye Notepad++ nenda Encoding, na ukikuta UTF-8-BOM imechaguliwa, bonyeza Convert to UTF-8 kisha hifadhi.

Alama za kunukuu zilizopinda, zile ambazo Word huzitengeneza yenyewe, nazo huvunja msimbo. PHP inajua ' na " zilizonyooka tu. Msimbo usipitie Word hata kwa kuuhifadhi kwa muda.

Blogu ikizima, usibahatishe. Kwenye wp-config.php, juu ya mstari unaosema "stop editing", weka:

define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );

Kama mstari wa WP_DEBUG umeshakuwepo, ubadilishe huohuo. Kosa litaandikwa kwenye wp-content/debug.log, na jina la faili na namba ya mstari vikiwemo. Ukimaliza, rudisha false na ufute debug.log, kwa sababu kwenye seva nyingi mtu yeyote anaweza kulifungua.

Na pale unapobadilisha rangi isibadilike, jaribu Ctrl+F5. Wasomaji wako hawatabonyeza hivyo, kwa hiyo mtindo wa mwana ukiuita mwenyewe, weka filemtime( get_stylesheet_directory() . '/style.css' ) kama hoja ya nne (kitu cha nne ndani ya mabano) ya wp_enqueue_style. Anwani itabadilika kila unapohifadhi faili, na vivinjari vitachukua jipya.

XAMPP, programu inayoendesha seva (Apache) na hifadhidata (MySQL) kwenye kompyuta yako, ina shida zake mbili. Apache ikikataa kuwaka, kuna programu nyingine imekalia mlango (port) namba 80. Kwenye Command Prompt andika netstat -ano | findstr :80, utazame namba ya mwisho, uitafute kwenye Task Manager. Ikiwa ni 4, mara nyingi ni huduma ya World Wide Web Publishing Service, izime. Ukiamua kuhamia 8080, badilisha Listen na ServerName ndani ya httpd.conf, kisha uweke WP_HOME na WP_SITEURL zenye :8080 kwenye wp-config.php, la sivyo WordPress itakurudisha kwenye anwani ya zamani.

Ya pili ni umeme. Ukikatika ghafla na kompyuta haina UPS, MySQL inaweza kukataa kuwaka na kutoa "MySQL shutdown unexpectedly". Watu hufuta na kusakinisha upya, wakapoteza makala zote bila sababu. Nenda C:\xampp\mysql, badilisha jina la folda data iwe data_zamani. Nakili folda backup, nakala hiyo uipe jina data. Halafu kutoka data_zamani chukua folda ya hifadhidata ya blogu yako pamoja na faili la ibdata1, uviweke ndani ya data mpya, ukikubali kubadilisha. Folda za mysql, performance_schema na phpmyadmin usizichukue. Washa MySQL, fungua phpMyAdmin, na kitu cha kwanza ukifanye kabla hujaendelea na kazi ni Export ya hifadhidata nzima kwenda kwenye flashi.