Jumapili ya bisibisi: siku moja kwenye jengo la timu

Saa 10:40 alfajiri

Simu imetetemeka chini ya mto kabla ya kengele kulia. Ujumbe wa msimamizi wangu: "Njoo mapema. Lete bisibisi." Mke wangu kafumbua jicho moja. "Kibarua cha kocha kimeota nyasi?" Sikumjibu, nilikuwa natafuta soksi. Hakuhitaji jibu pia. Jana tumefungwa mechi ya mwisho ya msimu, nyumbani, na majirani zetu, na kwa watu wa hapa hilo ni sawa na mwana-Simba kufungwa na Yanga siku ya harusi yake.

Leo ni Jumapili, tarehe 30 Novemba 2025. Mimi ni mtoto wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tisa kama fundi wa majengo katika chuo kikuu kimoja cha umma katikati ya Marekani. Jengo langu ni la timu ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Nabadilisha taa, nazibua mabomba, natengeneza vitasa. Na makocha wakitupiwa virago, mimi ndiye ninayefungua vibao vya majina milangoni.

Saa 11:30 alfajiri

Theluji nyepesi. Magari ya makocha wasaidizi yameshajaa kwenye maegesho. Hilo si ajabu, maana kuanzia Agosti watu hawa hulala humu humu, na nimewahi kukanyaga mkono wa mmoja aliyelala chini ya meza yake. Ajabu ya leo ni kwamba wawili wamekaa ndani ya magari, injini zinanguruma, hawataki kuingia. Mmoja kanipungia mkono. Nami nikampungia, nikainamisha kichwa kama mtu anayepita msibani.

Ndugu zangu wa nyumbani huniuliza: mpira wa wanafunzi, makocha wangapi? Kocha mkuu mmoja, na chini yake wasaidizi kumi. Walikuwa tisa hadi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliporuhusu wa kumi kuanzia 2018. Kuna mratibu wa mashambulizi, mratibu wa ulinzi, kocha wa kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi), kocha wa wale vijana wanene wa mstari wa mbele, na kadhalika. Chini yao kuna wachambuzi, watu wa video, na wanafunzi wa shahada ya pili wanaolipwa posho. Tangu 2024 hata hao wachambuzi wanaruhusiwa kufundisha uwanjani, kwa hiyo siku hizi ukumbi wa mikutano hautoshi viti. Najua, kwa sababu viti naleta mimi.

Saa 1:10 asubuhi

Kocha mkuu kaingia. Saa moja na nusu kaingia mkurugenzi wa michezo na mwanasheria. Kikao kimechukua dakika kumi na moja. Sikuwa nachungulia; nilikuwa juu ya ngazi nabadilisha taa ya ukumbini, ile isiyokuwa na shida yoyote.

Kocha katoka, kanipa mkono. "Asante kwa kila kitu." Uso mkavu. Simlaumu, wala simhurumii sana. Mkataba wake una miaka iliyobaki na chuo kitaendelea kumlipa. Hapa Marekani kumfukuza kocha mkuu ni ghali kuliko kujenga hospitali. Texas A&M walipomwondoa kocha wao Jimbo Fisher Novemba 2023, fidia yake ilizidi dola milioni 75. Mwezi uliopita chuo cha LSU wamemfukuza kocha Brian Kelly akiwa anadai zaidi ya milioni 50. Bosi anaanguka kwenye godoro. Wasaidizi wake wanaangukia sakafu, na sakafu hiyo naipiga deki mimi.

Saa 3:00 asubuhi

Watu wa utumishi wameleta bahasha. Mkataba wa bosi huwa wa miaka mitano, sita. Wa msaidizi mara nyingi ni mmoja au miwili, na bosi mpya akija na watu wake, wa zamani huwa wamekwisha. Hata wale waliofanya vizuri. Kocha wetu wa wakimbiaji, wale wanaokimbia na mpira, vijana wake walikuwa moto msimu mzima, na kapata bahasha ya rangi ile ile na wenzake.

Mishahara yao si siri. Chuo ni cha umma, kwa hiyo magazeti huyachapisha majina na tarakimu, wa kwanza mpaka wa mwisho. Kwenye ligi kubwa msaidizi wa kawaida hupata laki kadhaa za dola kwa mwaka, na waratibu wenye jina huvuka milioni. Mimi nalipwa kwa saa, nikizidisha vizuri na kuongeza zamu za usiku, nafika sehemu ambayo kocha wa kwotabeki anaifikia mwezi wa pili. Mwaka wangu wa kwanza hesabu hii ilinikera. Siku hizi nikiifanya naongeza safu nyingine ya kalamu: amehama mara ngapi.

Saa 4:20 asubuhi

Nimeanza kazi. Kibao kina skrubu nne. Unaanza za chini, kisha za juu, ukishikilia kwa kiganja kisidondoke. Utaratibu unasema vipelekwe stoo ya vifaa chakavu. Mimi huviweka kwenye kopo la biskuti, lile la bati la buluu ambalo katika kila nyumba ya Kiafrika linatunza nyuzi na sindano. Vimefika arobaini na kitu.

Mlango wa sita ni wa kocha wa mstari wa ulinzi, mzee wa miaka sitini na ushei. Kumbe yumo ndani, kakaa katikati ya maboksi. Maboksi yenyewe hayakutoka dukani leo, yalikuwa yamekunjwa nyuma ya kabati tangu alipohamia. Nikamwambia, "Kocha, samahani, nitarudi baadaye." Hapa kila mtu ni Kocha, hata akishafukuzwa, cheo hakitoki na kibao.

"Ingia, rafiki yangu," akasema. "Hiki ni cha kumi na nne."

Anavyo vyote gereji kwake, kila chuo alichopita. Mtoto wake mkubwa alisoma shule nne kabla ya kumaliza sekondari. Mkewe safari hii alikataa kununua nyumba, wakapanga, na leo, anasema, ndiyo mara ya kwanza amemshukuru Mungu kwa ubishi wa mkewe. Nikafungua skrubu, nikampa kibao. Akaomba na skrubu. "Huko niendako hujui watakuwa na saizi gani."

Yeye ndiye aliyenieleza jinsi pesa zilivyofika hapa. Miaka ya 1990 mwanzoni NCAA walijaribu kuweka dari kwa makocha wa ngazi ya chini katika michezo mingine: dola 16,000 kwa mwaka, basi. Makocha wa kikapu wakaenda mahakamani. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikasema huo ni upangaji wa bei baina ya washindani, na mwaka uliofuata NCAA ikakubali kulipa dola milioni 54.5 kuimaliza kesi. Tangu hapo hakuna anayethubutu kuweka dari ya mshahara wa kocha. Idadi yao unaweza kuipunguza, mfuko wao huugusi. Na mwaka huu, baada ya maridhiano ya kesi nyingine, vyuo vimeanza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, lakini kwa kiwango cha juu cha dola milioni 20.5 kwa chuo kizima, michezo yote. Anayepigwa kichwa uwanjani ana dari. Anayepuliza filimbi hana. Mzee alicheka aliposema hivyo, nami nikacheka, ingawa sijui kila mmoja wetu alikuwa anacheka nini.

Saa 7:00 mchana

Chakula. Nakula na mama mmoja wa Bukavu, Kongo, anayefanya usafi ghorofa ya pili. Wali na maharage yangu, sombe yake (kisamvu), tunabadilishana nusu. Kaangalia milango iliyo uchi, akatikisa kichwa. "Papa, leo tena banafukuza?" Nikamwambia ndiyo, mama, wote. Akauliza kama na sisi tumo. Huwa anauliza kila mara, na kila mara namwambia sisi hatumo.

Televisheni ya ukumbini ikapiga kelele: kocha Lane Kiffin anaondoka chuo cha Ole Miss kwenda LSU, kwenye kiti kile kile cha Kelly. Timu yake imeshinda mechi kumi na moja, imefungwa moja, inakaribia mtoano wa ubingwa wa taifa, na yeye anapanda ndege. Baadhi ya wasaidizi wa upande wa mashambulizi wanapanda naye. Mratibu wa ulinzi, Pete Golding, kabaki na papo hapo kafanywa kocha mkuu. Asubuhi mlikuwa benchi moja, jioni mmoja ana ofisi mpya, mwingine ana tiketi, na mwingine anangoja simu ambayo huenda isiite.

Mzee wa mlango wa sita alikuwa kashuka kuchukua kahawa. Akasimama akatazama. "Baba wa huyu," akasema, "ndiye aliyetufungulia mlango." Mwaka 2009 Monte Kiffin alikwenda chuo cha Tennessee kuwa mratibu wa ulinzi chini ya mwanawe Lane, kwa zaidi ya dola milioni moja, fedha ambayo msaidizi wa chuo hakuwa ameizoea kabisa. Januari 2010, baada ya msimu mmoja tu, mwana akahamia chuo cha USC na baba akamfuata. Kufikia 2018 LSU walikuwa wanamlipa mratibu wao wa ulinzi, Dave Aranda, milioni 2.5. Na mwanzoni mwa mwaka huu mratibu wa ulinzi Jim Knowles, aliyetoka kutwaa ubingwa na Ohio State, alihamia Penn State kwa mshahara uliotajwa kuwa milioni 3.1. Bosi aliyemwita, James Franklin, alifukuzwa tarehe 12 Oktoba. Hata miezi tisa haikufika. Boksi halijazeeka.

Nikamtumia kaka yangu Tanga habari hizi kwa WhatsApp. Kajibu kwa sauti, akicheka: "Sasa hapo kigeni nini? Kocha Fadlu si aliondoka Simba Septemba kwenda Raja ya Morocco na watu wake wa benchi?" Kweli. Ila nikamkumbusha kwamba Fadlu hakuacha nyuma nyumba kumi zenye mikopo.

Saa 9:15 alasiri

Huyu ndiye aliyenivunja moyo leo, si wale wa laki tano. Kijana wa shahada ya pili, msaidizi wa msaidizi. Chuo humlipia ada na kumpa posho isiyotosha kodi ya chumba. Anakata video usiku, anawapeleka wageni uwanja wa ndege, ananunua kahawa, anachora mbinu za wapinzani kwenye kadi kwa ajili ya mazoezi. Hana wakala wala fidia. Kanifuata stoo: "Unamjua mtu mwenye gari kubwa?" Godoro lake la kujaza upepo na televisheni moja. Nikampa ufunguo wa gari langu.

Anasema Januari atakwenda kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha makocha, akasimame kwenye ukumbi wa hoteli na suti yake moja, atoe mkono kwa kila apitaye. Huko ndiko kazi zinakotafutwa, kwa sura. Na nafasi anazoziota zina washindani wasio wa kawaida. Mikataba mingi humtaka aliyefukuzwa atafute kazi, na mshahara mpya hukatwa kwenye fidia ya zamani. Basi kocha mkubwa huchukua kazi ya uchambuzi kwa mshahara mdogo, kwa kuwa anayemlipa hasa ni yule aliyemfukuza. Butch Jones alifanya uchambuzi Alabama kwa dola 35,000 mwaka 2018, huku Tennessee wakiwa wanamlipa fidia ya zaidi ya milioni 8. Kijana wangu anagombea kiti na watu kama hao. Anasema angeifanya hata kwa 20,000. Nilitaka kumwambia asiwaambie hivyo, nikanyamaza.

Saa 11:00 jioni

Jengo kimya, isipokuwa sauti moja. Kocha wa wapokeaji, wale wanaodaka pasi, ambaye mlango wake nimeuvua kibao saa sita, bado yumo ndani na simu. Jumatano ijayo ndiyo siku ya vijana wa sekondari kutia saini kujiunga na timu za vyuo, na yeye ndiye aliyekaa sebuleni kwao, akala kuku wao, akamwambia mama mtu kwamba mwanao nitamtunza mwenyewe. Sasa anawapigia mmoja mmoja. Chuo hakijamtuma. Nilisikia akisema, "Hapana, mama, sijui nitakuwa wapi." Kisha kimya kirefu. Kisha, "Ndiyo, mama. Naelewa."

Nikaahirisha kuwasha mashine ya kufyonza vumbi.

Saa 12:40 jioni

Nimebadilisha namba za siri za milango mitatu, nimekusanya kadi, nimejaza fomu. Nimeagiza vibao kumi vitupu, kwa sababu vinachukua wiki mbili kufika na kocha mpya hachukui hata wiki.

Naelekea mlangoni, mratibu wetu wa ulinzi kaniita. Wamempa timu aishike hadi apatikane mwingine. Ameshahamia kwenye ofisi kubwa ya pembeni na sanduku moja tu. Kaniuliza, kwa aibu kidogo, kama naweza kumtengenezea kibao. Kocha mkuu wa muda.

Nikaangalia bisibisi, nikamwangalia yeye.

"Kocha," nikamwambia, "kwa leo tuanze na karatasi."

Akacheka. Akaniletea selotepu mwenyewe.