Uwanja wa Tenisi Hujengwa Kabla ya Rangi

Mkandarasi anayetaka kazi yenu atawaonyesha picha ya rangi kwanza: bluu ndani, kijani nje, mistari myeupe inayong'aa. Rangi hiyo haifiki hata unene wa milimita mbili. Kinachoamua kama mtacheza au mtakuwa mnasukuma maji kwa fagio kila masika ni udongo, mwinamo na mitaro, na huko ndiko bajeti hukatwa mapema kwa sababu hakuna mgeni atakayepaona.

Eneo kwanza. Mistari ya uwanja wa wawili wawili ni mita 23.77 kwa 10.97, lakini mchezaji anahitaji nafasi ya kukimbilia: mita 6.40 nyuma ya kila mstari wa mwisho na 3.66 kila pembeni. Jumla inakuwa 36.57 kwa 18.29, yaani karibu mita za mraba 669. Kwa uwanja wa kujifurahisha mnaweza kushuka hadi 34.75 kwa 17.07, chini ya hapo watu wataumia kwenye uzio. Robo eka ya futi 100 kwa 100 ina mita za mraba zaidi ya 900, na bado uwanja hauingii, maana urefu wa kiwanja hicho ni mita 30 na nusu tu. Kiwanja cha mita 20 kwa 40 kinaingia, kwa kubana. Kama nafasi haitoshi, msiukate uwanja nyuma. Jengeni ule mdogo wa watoto wa mita 18 kwa 6.5, au ukuta wa kupigia mpira wenye urefu wa mita 3, na mtautumia zaidi ya uwanja uliopunjwa.

Urefu uelekee kaskazini na kusini. Huku kwetu watu hucheza asubuhi na jioni, jua likiwa chini mashariki au magharibi. Uwanja uliolazwa mashariki–magharibi humtia mchezaji mmoja jua la machoni kila anapotupa mpira juu kuuanzisha.

Kwenye eneo la pamoja la fleti au nyumba zenu, karatasi zitangulie jembe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo na ile ya Tanzania ya 2008 zote zinaliweka eneo la pamoja mikononi mwa wamiliki wote, kwa hiyo kamati ya watu watatu haiwezi kuligeuza uwanja kwa kauli yake. Pateni azimio la mkutano lililoandikwa, likitaja pia nani atalipia rangi ijayo na taa zizimwe saa ngapi, kisha ndipo mwende kuomba kibali cha ujenzi kwenye halmashauri au kaunti.

Sasa udongo, na hapa msiwe na haraka. Chimbeni mashimo manne pembeni na moja katikati, mita moja na nusu kwenda chini. Mkikuta udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Kitengela na Athi River nchini Kenya, jueni huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Wakati wa kiangazi nyufa zake huingiza vidole. Zege likilala juu yake, kingo ndizo huinuka kwanza, kwa sababu maji ya mvua hufika pembeni kabla ya katikati, na mwaka wa pili utaona ufa mrefu ukifuata ukingo. Hakuna nondo ya kulizuia hilo. Dawa ni kuutoa. Kama una kina cha sentimita 80, toeni zote 80, na mpitilize mita moja nje ya uwanja kila upande. Hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 600 zikiwa ardhini, na udongo ukichimbwa hufutuka: lori la mita 10 litakwenda safari 80 na ushee. Mkiona bei hiyo inatisha, ni afadhali kuhamisha uwanja upande mwingine wa shamba kuliko kuacha nusu ya udongo mle. Na kama mashimo yote yaliisha mita moja na nusu yakiwa bado meusi, mwiteni mhandisi wa udongo kabla ya kumwita mtu wa greda.

Jazeni moramu kwa tabaka. Kila tabaka limwagwe kama sentimita 20, lilowanishwe, lishindiliwe na rola hadi libaki 15. Unyevu unatosha pale ambapo konzi ya moramu uliyoifinya inashikana bila kutoa maji. Mafundi wengi humwaga nusu mita kwa mpigo mmoja na kupitisha rola juu. Juu panakuwa pagumu, chini panabaki pamelegea, na uwanja hutitia baada ya mvua mbili. Kipimo rahisi: pitisheni lori lililojaa kokoto juu ya tabaka la mwisho, polepole. Penye kubonyea au kunesanesa, chimbeni mrudie.

Pwani tatizo ni jingine. Mchanga wa Kigamboni au Mbezi Beach, Dar es Salaam, hupitisha maji vizuri na hauvimbi, mradi kingo zimezuiwa usimomonyoke. Adui huko ni chumvi. Mchanga wa ufukweni usiingie kabisa kwenye zege, na nguzo na waya viwe vimepakwa zinki.

Mwinamo: asilimia moja, bapa moja, kutoka pembeni hadi pembeni. Kwa upana wa mita 18.29 hiyo ni tofauti ya sentimita 18, na mchezaji haioni. Msikubali uwanja wenye mgongo katikati, wala unaoinama kutoka ncha zote mbili kuja kwenye neti. Mwinamo uwekwe tangu kwenye moramu, kwa mpimaji mwenye darubini yake, ili zege liwe na unene uleule kila mahali. Kamba na pima maji ya fundi havitoshi kwa umbali huu.

Maji yataenda wapi? Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya uwanja huo humwaga zaidi ya lita 33,000. Upande wa juu chimbeni mtaro wa kukinga maji ya majirani, na upande wa chini mtaro wa kupokea, wenye mdomo ulio chini kuliko uso wa zege. Kosa ninaloliona sana kuliko yote liko hapa: uwanja umeinamishwa vizuri, kisha anakuja fundi wa uzio na kujenga kizingiti upande wa chini. Uwanja unageuka bwawa. Waya upande huo uachwe wazi sentimita chache chini.

Lami au zege? Lami hupendeza na haina viungo vya kati ya vipande, lakini inahitaji kama tani 100 zinazofika zikiwa moto, mashine ya kutandaza, na kampuni inayokubali kuja kwa kazi ndogo hivyo. Kwenye joto kali hulainika na miguu ya viti huitoboa. Kwa eneo la nyumbani ningechagua zege, unene wa sentimita 12.5. Hilo ni mita za ujazo 84. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto) hesabuni karibu mifuko 670 ya saruji. Chini tandikeni nailoni nzito, kwa sababu unyevu unaopanda kutoka ardhini ndio unaoifanya rangi itoke malengelenge. Wavu wa nondo wa A142 (waya za milimita 6 kila sentimita 20) ukae theluthi ya juu ya zege, juu ya vipande vya kuuinulia. Yule anayesema “tutauvuta juu tukiwa tunamwaga” atauacha umelala kwenye nailoni.

Gawanyeni zege kwa msumeno katika miraba ya mita 4.57: vipande 8 kwa urefu na 4 kwa upana huenea bila kubaki kitu. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba kiungo kimoja kinapita chini ya neti na kingine katikati kabisa, chini ya mstari wa kugawa maboksi ya servisi, yaani ya mpira wa kuanzisha. Mkato uwe na kina cha sentimita 3 na zaidi kidogo, ufanywe siku ileile au alfajiri ya pili. Ukichelewa, zege litajichagulia lenyewe pa kupasukia. Juu pamaliziwe kwa ufagio mlaini. Zege lililolainishwa kwa mwiko wa chuma likang'aa halishiki rangi. Limwagilieni chini ya magunia kwa siku 7, bila dawa ya kupulizia ya kuzuia maji yasikauke, kisha mliache hadi zitimie 28.

Kabla ya kumwaga hayo yote, mabomba ya nguzo za neti yawe tayari, yaliyosimamishwa katika misingi ya sentimita 60 kwa 60 na kina cha 90, mita 12.80 kutoka moja hadi nyingine. Neti ikikazwa huzivuta nguzo ndani mchana na usiku. Msingi wa ndoo moja ya zege hulala mwaka wa kwanza. Pitisheni pia mabomba ya nyaya za taa wakati huo, hata kama taa mtanunua baadaye. Nguzo za taa zina urefu wa mita 8 na zaidi, husimama pembeni, kamwe si nyuma ya mstari wa mwisho. Mwanga wa lux 300 (lux ni kipimo cha mwanga) unatosha mashindano ya klabu.

Siku 28 zikiisha, mwageni maji uwanja mzima na kusubiri saa moja juani. Dimbwi lenye kina cha zaidi ya milimita mbili lizungushieni chaki na kulijaza kabla ya rangi, maana rangi haijazi kitu. Halafu tabaka moja la msingi na mawili ya rangi ya akriliki iliyochanganywa na mchanga laini, yavutwe kwa fagio pana la mpira. Mchanga mwingi hupunguza kasi ya mpira, mchache huufanya uteleze. Kazi hii ipangwe Agosti au Septemba, baada ya ardhi kufanyiwa kazi tangu Juni, ili vuli isikute rangi mbichi.

Mistari hupimwa kwa ukingo wake wa nje. Kila nusu ya uwanja ina ulalo wa mita 16.17 kutoka kona ya mstari wa mwisho hadi chini ya neti upande wa pili. Milalo isipolingana, msifungue kopo. Neti iwe sentimita 107 kwenye nguzo na 91.4 katikati. Waya wa uzio uwe na matundu ya sentimita 5 au chini, urefu wa mita 3.

Na kwenye eneo la pamoja, andikeni mapema kwamba uwanja hauchukui maturubai ya harusi. Watu wataomba, maana ndio mahali tambarare kuliko pote, na vigingi vya hema moja na jiko moja la mkaa huacha matundu na doa ambavyo mtavifumba kwa kupaka boksi zima upya, kwani kiraka cha akriliki huonekana daima.