Gitaa la Chama

Mwaka 2012 niliuziwa gitaa na chama kilichokwisha kufa. Sifanyi masihara. Mwenyekiti alikuwepo, mweka hazina alikuwepo, daftari lilikuwepo. Kilichokosekana ni bendi yenyewe, iliyoacha kupiga tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Wakati huo nilikuwa nakusanya magitaa ya umeme ya zamani, kwa kadiri mshahara wangu ulivyoruhusu. Stratocaster ya 1954 au Les Paul za 1958 hadi 1960 mimi naziona pichani tu; kuna zinazouzwa kwa bei ya nyumba. Nilichowinda ni yale yasiyogombaniwa sana na matajiri: Höfner na Framus za Ujerumani, Teisco na Guyatone za Japani, EKO za Italia. Dereva mmoja wa lori akaniambia nyumbani kwa mjomba wake, Ngamiani, kuna gitaa linalong'aa kama kabati la bi harusi. Nikapanda basi la Tanga.

Mjomba mtu alikuwa mzee mwembamba, mpiga rizimu wa zamani. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba baba, ndiye wewe wa gitaa?" Kisha ikaja kahawa na kashata, zikaulizwa habari za Dar, za foleni, za bei ya mchele. Gitaa likatoka mvunguni baadaye kabisa, limeviringishwa kanga mbili na gunia.

Ilikuwa EKO ya pikapu nne, yaani vile vinasa sauti vya sumaku na waya vinavyokaa chini ya nyuzi. Mbao zake hazikupakwa rangi, zilivishwa plastiki ya kumetameta, mbele rangi ya dhahabu, nyuma nyeupe ya lulu. EKO ilianzishwa na Oliviero Pigini huko Recanati, jirani na Castelfidardo, mji uliokuwa ukiunda kodiani, kile kinanda cha mivukuto cha taarabu, tangu karne ya 19, na plastiki ya kuvishia kodiani ndiyo hiyo waliyoihamishia kwenye magitaa. Hata vibonyezo vya kuchagulia pikapu, vilivyopangwa safu moja upande wa juu wa nyuzi, ni vya kikodiani. Nilipomweleza mzee hayo alicheka. "Kumbe ndiyo maana watu wa taarabu hawakuacha kuliazima!" Na hiyo ndiyo Tanga, mji wa Black Star na Lucky Star waliotia gitaa la umeme na besi kwenye taarabu. Ningembishia vipi?

Nikaomba ruhusa ya kulifungua. Skrubu zilikuwa zimeshikwa na kutu ya bahari, nikazibembeleza kwa mafuta ya cherehani. Wanaokusanya magitaa ya Fender ya Marekani wana raha yao: kwenye potenshiometa zake, vile vidude vya chini ya vifundo vya sauti, mara nyingi wanakuta tarakimu zilizogongwa, 304 ikiwa ni kiwanda cha Stackpole na 137 ikiwa ni CTS, halafu mwaka na wiki. Kwa tarakimu hizo wanapata dokezo kama gitaa ni la kabla ya Januari 1965, kampuni ya utangazaji ya CBS ilipoinunua Fender kwa dola milioni 13, au la baada ya hapo, na bei inapanda au kushuka papo hapo. Kwenye EKO ile sikuona namba yoyote ya kunisaidia. Nilichokiona ni pikapu ya tatu iliyosukwa upya kwa waya mnene kuliko wa wenzake, ikafungwa kwa uzi wa katani.

"Hiyo alinisukia fundi mota wa mashamba ya mkonge," mzee akasema. "Mota za korona, mashine za kusindika mkonge, hazikumshinda, sembuse kijidude hicho?"

Nikaweka mita ya kupimia ukinzani wa waya. Pikapu tatu zilisoma karibu sawa. Ya fundi mota haikufika hata nusu yao. Mkusanyaji wa Ulaya angesema gitaa limeharibiwa, akakata bei. Lakini nilipolichomeka kwenye amplifaya ndogo niliyokwenda nayo, pikapu ile ilitoa sauti kavu, nyembamba, inayopenya. Mzee akapiga rizimu kidogo kwa vidole vilivyokakamaa. Nikatazama vibonyezo: cha pikapu hiyo kilikuwa kimelika mpaka maandishi yake hayasomeki, vingine vizima. Sikuigusa tena. Kwenye kifuko mlikuwa na nyuzi za akiba, nyaya za breki ya baiskeli zilizofumuliwa moja moja. Hizo ni za miaka ya baada ya Vita vya Kagera, sabuni yenyewe ikiwa ya kupanga foleni.

Nikataja bei. Mzee akatikisa kichwa. "Kuuza si juu yangu, baba. Hili la chama."

Nilipaswa kulijua hilo. Bendi zetu nyingi vyombo vilikuwa mali ya klabu au ya mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji akihama anaondoka na vidole vyake tu. Ndiyo maana swali ambalo wakusanyaji wa Marekani hulianza nalo, gitaa hili lilikuwa la nani, kwetu halina jibu la mtu mmoja.

Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, lakini mimi nililala, kwa sababu kikao kilipangwa kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Mwenyekiti alikuja na baiskeli. Mweka hazina alikuwa bibi aliyekata tiketi mlangoni enzi hizo, na daftari la jalada gumu alilikumbatia muda wote. Akafungua ukurasa wa mali za chama: gitaa solo moja, EKO, toka Mombasa, Agosti 1964. Mahali pa bei palikuwa pamelowana. Kwa mkusanyaji, karatasi ya namna hiyo ni nusu ya gitaa, nikaomba wanipe na daftari, nitaongeza pesa.

"Daftari haliuzwi, mwanangu. Humu mna madeni ya watu."

Tukapatana bei ya gitaa. Akaandika "limeuzwa" pembeni, akanipa kalamu nitie sahihi, akaniruhusu kupiga picha ukurasa huo mmoja tu. Alipokwisha kugawa fedha mafungu matatu akafunua ukurasa mwingine, akasogeza miwani, akapunguza noti kadhaa kwenye fungu la mzee: ada ya uanachama, hajalipa tangu 1979. Mzee akaruka. Na yeye je, miaka yote hiyo gitaa limelala mvunguni kwake, nani anamlipa ghala? Mwenyekiti akasema hoja hiyo ina uzito, ijadiliwe. Basi langu lilikuwa linaondoka saa kumi, nikawaaga wakiwa bado wanaijadili.