Kiti kinachobaki wazi: tunavyoshikamana katika Muso yetu ya Kadutu

Huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, watu huingia Muso kwa hamu ya mkopo, na hakuna ubaya. Mimi ni katibu wa Muso ya watu 22 huku Kadutu, nimeshika daftari zake kwa mizunguko sita, kila mmoja wa mwaka, na nimeona kwamba mkopo huwafikisha watu mlangoni tu. Wanaobaki hubaki kwa mambo madogo yanayorudiwa kila Jumamosi: nani anakaa wapi, nani anahesabu, nani anatumwa kwenda kumwangalia asiyefika. Nitayaeleza pamoja na hesabu zake, maana vikundi vingi huharibika kwenye hesabu kwanza, roho zikafuata.

Kwa msomaji wa mbali: Muso ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya chama cha kusaidiana. Ina kese tatu, yaani mifuko ya pesa: ya kijani kwa akiba na mikopo, nyekundu kwa misaada, ya buluu kwa pesa kutoka nje. Sisi tumeichanganya na mtindo wa AVEC, ule wa hisa na funguo tatu, ulioanzia Maradi, Niger, mwaka 1991 katika vikundi vya wanawake vilivyofundishwa na shirika la CARE. Likelemba ni kitu kingine: kila mtu anatoa, mmoja anabeba zote, wiki ijayo zamu ya mwingine. Ina raha yake, lakini wa mwisho akishabeba, katikati hamna kitu.

Tuanze na idadi. Watu 15 hadi 25, zaidi ya hapo msijaribu. Kila mtu anahitaji kama dakika mbili kutoa pesa yake, ihesabiwe mara mbili, iandikwe. Kwa watu 22 hiyo ni robo tatu ya saa. Ongeza mikopo na habari, saa moja na nusu mmemaliza. Wakifika 35, kikao kinakula zaidi ya saa mbili, mama wa soko hawezi kuiacha meza yake muda huo, anamtuma mtoto na pesa mkononi. Pesa ikianza kuletwa na watoto, kikao kimekufa hata kama kese imejaa. Ndani ya hao 22, nyumba moja haitoi zaidi ya watu wawili. Ndugu watano wakikaa pamoja ndani ya Muso, kila kura wameshaipiga nyumbani usiku.

Tunakutana saa mbili asubuhi katika parseli (nyua za nyumba) tatu kwa zamu, kamwe si kwa prezida peke yake, maana kikundi kinachokutana kwake kila wiki huishia kuitwa kwa jina lake. Mwenyeji anatoa maji ya kunywa tu. Sheria hiyo huwashangaza wageni, na ndiyo ninayoitetea kwa nguvu kuliko zote. Mwenyeji wa kwanza akipika sambaza, wale samaki wadogo, wa pili ataona haya na kununua nyama, wa tatu atatafuta sababu ya kuhama kikundi. Umaskini wa mtu usifunuliwe na sahani.

Kese yenyewe ni sanduku la chuma lililotengenezwa na fundi wa kuchomelea, lenye kufuli tatu. Ndani mna mifuko mitatu ya kitambaa ya rangi zile. Funguo wanashika watu watatu wasio wa kamati, wa avenue (mitaa) tofauti, na sanduku linalala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote. Kosa la kawaida ni kuwapa funguo majirani watatu wa mlango kwa mlango ili iwe rahisi kufungua. Ikiwa rahisi kwenu, ni rahisi kwa wengine pia.

Sasa viti. Kila mwanachama ana namba, na namba yake ndiyo kiti chake, kwa umbo la kwato, sanduku katikati, likiwa limefungwa mpaka wote wenye funguo wafike. Namba 7 anakaa kati ya 6 na 8 mwaka mzima. Mwanzoni wazee walilalamika kwamba ni mambo ya shule. Lakini angalia kinachotokea: namba 7 asipokuja, pale pana pengo ambalo macho ya watu wote yanaliona, na kiti hicho hatukisogezi. Wanaokaa ovyo huweza kukosa mtu wiki tatu bila kugundua, mpaka katibu asome majina.

Juu ya pengo hilo tumeweka kazi. Namba 6 na namba 8 lazima waende kwa namba 7 siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama, wawili pamoja, bila daftari na bila kutaja deni. Wanauliza tu, “Mama, tumekukosa leo, kuko salama?” Jumapili jioni mmoja wao ananiletea jibu. Tulipoanza tulimtuma prezida au mimi, na hilo lilikuwa kosa: mtu wa kamati akibisha hodi, mwenye deni anajificha na mgonjwa anaona aibu. Jirani wa kiti hafungiwi mlango. Safari nyingi jibu ni la kawaida, mtoto ana homa, mzigo umekwama njiani. Lakini anayeumwa wiki mbili peke yake ndani ya nyumba ya mbao huko juu Cimpunda huanza kuonwa kupitia kiti chake.

Kutoa pesa kunaenda hivi. Naita namba. Mtu anasimama na kusema kwa sauti, “Nanunua hisa tatu.” Hisa moja ni franka 2,000, na kwa kikao kimoja unaruhusiwa moja hadi tano, basi. Kikomo cha juu kina maana yake: mwenye duka la vifaa asije akanunua hisa 40 na kugeuka mwenye kikundi. Mhesabu wa kwanza anahesabu kwa sauti, wa pili anarudia, ndipo napiga mihuri mitatu kwenye kitabu chake kidogo na kukata msalaba kwenye vyumba viwili vilivyobaki. Muhuri ni bora kuliko maandishi kwa sababu asiyesoma anaweza kuhesabu mihuri yake mwenyewe nyumbani, na hakuna awezaye kugeuza tatu kuwa mbili. Noti iliyochanika inarudishwa palepale kwa aliyeileta. Ukiipokea kwa huruma, siku ya kutoa mkopo kila mtu ataikataa, na ugomvi utakuwa wa kikundi kizima.

Mwisho wa kikao wahesabu wanatangaza kilichomo kwenye kila mfuko, na wote wanakariri. Jumamosi inayofuata, kabla ya kufuli kufunguliwa, prezida anamnyooshea kidole mtu yeyote: “Nyekundu iliachwa na ngapi?” Akikosea, jirani anasahihisha, watu wanacheka, kisha mfuko unafunguliwa na kuhesabiwa. Mchezo huo wa dakika tatu umetuokoa na uvumi kuliko kanuni zote tulizoandika. Anayejua idadi kichwani hasemi “pesa zao” anapozungumzia kese.

Kese nyekundu ndiyo ninayoweza kuizungumzia mpaka usiku. Kila mtu anatoa franka 500 kwa kikao, sawasawa, mwenye hisa tano na mwenye hisa moja. Kwa watu 22 ni 11,000 kwa wiki, na kwa vikao 48 vya mwaka ni 528,000. Kabla ya kupanga misaada, gawanya kwanza. Sisi tunatoa 100,000 kwa kifo cha mume, mke, mtoto au mzazi. 50,000 kwa kulazwa hospitali. 30,000 kwa kuzaa. Mwaka kama huu, wenye vilio vitatu, wagonjwa wawili wa kulazwa na watoto watatu wapya unakula 490,000, na zinabaki 38,000. Unaona jinsi nafasi ilivyo ndogo. Katika mzunguko wa kwanza tuliandika “ndugu wa karibu”, na kila mtu Bukavu ana wajomba. Mfuko ulikauka mwezi wa tano, na waliopata misiba baadaye walipewa pole ya mdomo. Hakuna kinachovunja kikundi kama hicho: mmoja alisaidiwa kwa mjomba wa kijijini, mwingine akakosa kwa mtoto wake wa kumzaa. Siku hizi tumeandika watu kwa uhusiano, mmoja mmoja, na kwa mjomba tunakwenda na miguu yetu tu.

Na miguu yenyewe ina utaratibu. Habari ya kilio ikifika, pesa inapelekwa ndani ya saa 24 na watu wasiopungua watatu, wakiwa na bidoni za maji za lita 20 na gunia la makala, yaani mkaa. Nyumba ya kilio hukosa maji kabla ya kukosa pesa, hasa huku milimani ambako bomba likitoa leo kesho limenyamaza. Kwa mabaki ya miaka iliyopita tulinunua bashi (turubai) kubwa na sufuria mbili za kupikia watu wengi. Havikodishwi kwa watu wa nje. Tulijaribu, zikaja franka chache na maneno mengi, na mara moja bashi lilikuwa kwa mteja wakati mwanachama ana maiti nyumbani.

Faini zote zinaingia nyekundu: kuchelewa 500, simu kulia kikaoni 500, kufungua neno la kikao nje 2,000. Zikiingia kijani, anayetozwa anaona wenzake wanagawana jasho lake. Zikiingia nyekundu, analipa akitania kwamba anawanunulia wengine makala.

Kuhusu mikopo nitakuwa mfupi, wengine wameieleza vizuri. Kikomo ni mara tatu ya akiba ya mtu, riba ni asilimia 5 kwa mwezi, muda ni miezi mitatu, na mikopo yote irudi wiki sita kabla ya kufunga. Kamati inakopa mwisho, baada ya wote. Akichelewa mtu, hatumwiti katikati ya duara. Majirani wa kiti wanakwenda kwanza, kisha tunapanga upya mara moja tu, kisha tunakata kwenye hisa zake siku ya kugawana. Kese yetu ya buluu ni tupu, nami naipenda hivyo. Pesa ya nje ni pesa baridi: ikipotea, hakuna jirani aliyepungukiwa, kwa hiyo hakuna anayeamka kuifuata.

Watu huuliza habari ya kitenge cha kufanana. Ni kizuri, tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, kinapendeza macho. Lakini kije mwishoni, na kila mtu anunue kwa kuweka kidogo kidogo, yadi sita kwa miezi minne. Vikundi vinavyoanza na kitenge huwapoteza wasio na uwezo kabla ya hisa ya kwanza, kisha hubaki na sare nzuri ya watu kumi. Kundi la simu nalo ni la matangazo tu: kilio, kuzaa, parseli ya wiki hii. Deni la mtu likitajwa humo, hata kwa utani, ni ile faini ya 2,000.

Tangu Februari 2025, benki za mjini zilipofunga milango, wengi wamekimbilia vikundi, na hatari imebadilika. Pesa nyingi isilale sehemu moja. Kwa hiyo tunakopesha karibu zote siku ileile ya kikao, hata kwa mikopo midogo ya wiki nne, ili pesa igeuke unga, mafuta na sabuni kwenye meza za wanachama. Sanduku linalala na mfuko mwekundu tu, na majirani wote wanajua hivyo, makusudi. Kikao tulikihamishia asubuhi wakati huohuo. Zamani kilikuwa saa kumi jioni.

Tunafunga mzunguko mwishoni mwa Agosti kwa sababu Septemba ni shule. Msingi wa serikali ni bure tangu 2019, lakini minerval (ada) ya sekondari, sare na madaftari havingoji. Mwaka huu kulikuwa na hisa 3,100, sawa na franka 6,200,000. Pamoja na riba mezani palikuwa na 7,130,000. Gawanya kwa 3,100: hisa moja imekuwa 2,300. Mwenye hisa 150 anaondoka na 345,000. Hesabu hiyo tunaifanya ubaoni kwa chaki, polepole, na vijana wawili wenye kalkuleta ya simu wanaikagua kwa sauti.

Nyekundu haigawanywi. Baada ya kila mtu kufunga mkoba wake tunaihesabu mara ya mwisho: 38,000 zilizobaki, na faini 47 za mwaka, 23,500. Mfuko unafungwa na 61,500 ndani yake, wote wanakariri, na kwa kuwa bado wamekaa kwa namba zao, tunaanza palepale kununua hisa ya kwanza ya mzunguko wa saba.