Wiki ya kukodi katamarani Ushelisheli: anza na upepo, visiwa vitafuata

Wanaopanga wiki ya tanga Ushelisheli kwa katamarani (chombo chenye miili miwili) kwa mara ya kwanza huanza na orodha ya visiwa: Mahé, Silhouette, Praslin, Curieuse, Cousin, Aride, La Digue, Frégate, vyote kwa siku saba. Kwenye ramani vinaonekana vimekaribiana. Lakini ikifika Ijumaa wako La Digue, kusi inavuma noti 25 (maili 25 za bahari kwa saa), nusu ya watu wamechafukwa na tumbo, na chombo kinatakiwa gatini kesho yake. Orodha ya visiwa ije mwisho. Kwanza jua unakwenda mwezi gani, upepo wa mwezi huo unatoka wapi, na ghuba zipi zimeupa upepo huo kisogo.

Msomaji wa pwani yetu hapa ana mtaji tayari, maana pepo ni zilezile zilizosukuma majahazi ya mababu. Kusi huvuma Ushelisheli kuanzia Mei hadi Oktoba, kutoka kusini mashariki, noti 15 hadi 25 kwa siku nyingi za Julai na Agosti. Kaskazi hufika huko Desemba hadi Machi, ila ina jambo la kukariri: pale Mahé, nyuzi 4 kusini ya ikweta, haitoki kaskazini mashariki kama Lamu au Mombasa. Ikishavuka ikweta katikati ya bahari hupindishwa na mzunguko wa dunia, ikaingia kutoka kaskazini magharibi. Ni nyepesi kuliko kusi, lakini ndiyo yenye mvua, na Januari hunyesha kuliko miezi yote. Kati ya pepo hizo mbili, Aprili na Novemba, ni maleleji: bahari kioo, maji maangavu ya kupigia mbizi, na injini nyingi kuliko tanga. Anayetaka kusafiri kwa tanga kweli aende Mei, Juni, Septemba au Oktoba. Anayetaka samaki na matumbawe aende kwenye maleleji, na akubali kununua dizeli.

Kukodi bila nahodha maana yake nahodha ni wewe. Kampuni itaomba cheti cha unahodha na orodha ya safari zako: chombo cha urefu gani, wapi, kwa cheo gani. Usiongeze chumvi. Wakiona pale gatini hujui kukigeuza chombo chenye injini mbili, watakupandishia nahodha wao kwa gharama yako ya kila siku, na atahitaji chumba na chakula. Mikataba karibu yote inakataza kusafiri usiku na kutoka nje ya visiwa vya ndani, yaani Mahé, Praslin, La Digue na majirani zao. Dhamana ni euro elfu kadhaa zinazoshikiliwa kwenye kadi, kwa hiyo zungumza na benki yako kuhusu kikomo cha kadi kabla ya kuondoka nyumbani. Kadi kukataliwa Jumamosi alasiri, benki zimefungwa, kumekwishawalaza watu gatini. Kwa hati, visa haihitajiki, ila kibali cha kusafiri hujazwa mtandaoni kabla ya ndege, na anayetoka nchi yenye homa ya manjano abebe cheti cha chanjo.

Kwa watu sita chukua katamarani ya futi 40 hivi. Inazama maji ya mita 1.2 au 1.3 tu, na ikitia nanga haiyumbi sana. Ina hatari moja ambayo mtu aliyezoea chombo cha mkuku mmoja, yaani chenye mwili mmoja, haioni. Chombo cha mkuku mmoja kikizidiwa hulala upande na kukuonya. Katamarani hailali. Inabaki wima, inazidi kukimbia, na mzigo wote unaingia kwenye mlingoti na nyaya zake. Kwa hiyo tanga hupunguzwa kwa kusoma namba ya kipima upepo. Majedwali mengi ya vyombo vya ukubwa huu yanataka funga ya kwanza (kukunja sehemu ya tanga ili lipungue) karibu noti 18 za upepo halisi, na ya pili karibu 24. Jedwali la chombo chako liko kwenye kitabu chake. Lipige picha, na ulipunguze tanga ungali ndani ya ghuba.

Makabidhiano mpe fundi wa kampuni saa mbili nzima, hata kama abiria wako wanalilia ufuo. Washa injini zote mbili uchungulie nyuma kama maji ya kupoza yanatoka. Tweka tanga kuu hadi juu, uliteremshe, uone kama vijiti vyake vinanasa kwenye kamba za mfuko. Fungua tanga la mbele lote na ulikunje. Hesabu mitungi ya gesi: iwe miwili, mmoja umejaa. Teremsha nanga na uipandishe mara moja, kisha uliza swichi ya kinga ya winchi, mashine ya kuvuta nanga, iko wapi. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Swichi hiyo hujificha chini ya kitanda au nyuma ya kibao, na itajizima siku ambayo chombo kinaburuta nanga kuelekea mwamba. Piga video ya kila mkwaruzo. Jaribu redio ya VHF kwa kuita gati.

Maji yanahitaji hesabu. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa kuoga na vyombo ni lita 120 kwa siku, 840 kwa wiki. Tangi la lita 600 litaisha siku ya tano, kwa hiyo panga kuongeza siku ya nne, huko Baie Sainte Anne, Praslin. Ya kunywa weka mbali na hayo: lita 3 kwa mtu kwa siku ni lita 126, yaani chupa 84 za lita moja na nusu. Ni katoni 14 za chupa sita. Ukiziona zimepangwa gatini utadhani umekosea. Hujakosea. Vyakula vingi Ushelisheli huja kwa meli na bei yake ni ya kisiwa, kwa hiyo mchele, unga, viungo na dawa za kichefuchefu beba kutoka nyumbani. Samaki na mboga nunua soko la Victoria asubuhi. Usipange kujivulia kwa bunduki ya mkuki, imepigwa marufuku nchini humo, na makome na matumbawe yabaki baharini.

Sasa njia. Chukulia ni Agosti na kusi iko kazini.

Jumamosi unapewa chombo mchana, kwa hiyo usiende mbali. Vuka maili chache hadi hifadhi ya bahari ya Sainte Anne, mbele ya Victoria, ulipie ada, ulale. Usiku huo wa kwanza ndio wa kugundua choo kinachovuja au betri iliyochoka, ungali karibu na fundi.

Jumapili ng'oa nanga saa moja na nusu asubuhi. Hadi Curieuse ni maili za bahari 27 hivi, uelekeo kaskazini mashariki, kusi inakupiga ubavuni upande wa kulia. Kwa noti sita na nusu ni saa nne na kidogo, unaingia Baie Laraie karibu saa sita mchana, jua likiwa juu ya kichwa. Hiyo ndiyo sababu ya kuondoka mapema: mwamba unaonekana vizuri kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ukivaa miwani inayokata mng'ao wa maji na kumweka mtu omo, yaani mbele ya chombo. Mchanga ni maji ya kijani mpauko, matumbawe ni kahawia au weusi. Usiamini skrini ya ramani peke yake. Kwenye vighuba vidogo inaweza kukosea kwa urefu wa chombo chako. Jua huzama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, na giza la tropiki haliombi ruhusa. Saa kumi alasiri nanga iwe imekwishashika.

Ghuba hii imekingwa na kusi. Kobe wakubwa wanatembea pale ufukweni, na njia ya miguu inakatiza mikoko hadi nyumba ya daktari ya zamani upande wa Anse St José. Kaa mikesha miwili. Mchana wa pili nenda kisiwa kidogo cha St Pierre kupiga mbizi kwa miwani, kabla boti za wageni hazijajaa. Anse Lazio, kwenye ncha ya kaskazini magharibi ya Praslin, nayo ni tulivu wakati wa kusi. Wakati wa kaskazi ghuba hiyohiyo hupokea mawimbi usoni, na kulala humo ni kuteseka bure.

Jumanne Baie Sainte Anne: maji, dizeli, mkate, na basi hadi Vallée de Mai, bonde la minazi ya coco de mer lililoingia urithi wa dunia mwaka 1983. Cousin hupokea wageni asubuhi za siku za kazi tu na hakuna anayeruhusiwa kulala nanga pale, kwa hiyo ukiitaka ipange mapema au uiache. Mimi nashauri kuacha pia Aride na Frégate kwenye wiki ya kusi. Kushuka ufukweni ni kwa kubahatisha wimbi, na Frégate ni kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, siku nzima.

La Digue iko karibu maili nne, upande unakotoka upepo. Washa injini, usipoteze asubuhi kwa kubisha (kupanda upepo kwa tanga kwa kukata huku na huku). Bandari ya La Passe ni ndogo. Unaangusha nanga mbele, unarudi kinyumenyume, na kufunga kamba mbili za tezi (nyuma ya chombo) nchi kavu, kila moja mita 40 au zaidi. Andaa kamba hizo kabla ya kuingia, na usizibe njia ya feri. Minyororo ya wenzako itavukana na wako, hivyo asubuhi usiwe na haraka. Kwenye Anse Source d'Argent nenda kwa baiskeli. Mbele yake ni mwamba wenye maji haba, na maji yakipwa hata boti ya mpira itapwelewa.

Kutia nanga ndiko kunakoharibu wiki nyingi kuliko hali ya hewa. Kosa ni lile lile: mnyororo mfupi. Watu husoma kina wakazidisha kwa tatu. Hesabu sahihi inaanza juu ya omo. Tuseme kipima kina kinasema mita 6, maji yatajaa mita 1.2 zaidi, na omo iko mita 1.5 juu ya maji. Jumla ni 8.7. Zidisha kwa 5: mita 43.5, basi toa 45. Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mpevu) tofauti ya maji hufika karibu mita mbili, kwa hiyo soma jedwali la maji kila asubuhi. Angusha kwenye mchanga, acha upepo urudishe chombo huku mnyororo ukilala chini kwa mstari, kisha rudi nyuma kwa injini taratibu, mizunguko 1,500, halafu 2,000 kwa nusu dakika. Panga mnazi mmoja na jabali lililo nyuma yake: vikibaki kwenye mstari, nanga imeshika. Vikianza kuachana, pandisha na uanze upya, hata mara nne. Mwisho, mtu ajitose na miwani aitazame. Ncha ikiwa imezama mchangani na mnyororo haukugusa tumbawe, mnaweza kula.

Kisha funga kamba ya pembe tatu inayotoka omo zote mbili za katamarani, uishikize kwenye mnyororo, ulegeze mnyororo mita tatu au nne ili mzigo ukae kwenye kamba. Winchi haikutengenezwa kubeba chombo usiku kucha. Wakati wa kung'oa nayo usiitumie kuvuta chombo: injini iwashwe, isogee mbele polepole, winchi ikusanye mnyororo uliolegea tu. Ukiivutisha chombo kizima dhidi ya kusi, ile swichi ya kinga itajizima.

Mengine yanayoharibika ni ya kawaida. Betri zikishuka chini ya volti 12.2 washa injini kwa muda wa saa moja kila asubuhi na saa nyingine kila jioni, maana friji mbili hazilali. Choo huziba kwa karatasi na vitambaa, kwa hiyo weka kikapu. Kamba ya boti ya mpira ifupishwe kabla ya kurudi nyuma, la sivyo itajisokota kwenye propela, na kuikata chini ya maji yenye mkondo ni kazi ya nusu siku. Usiku boti yenyewe inyanyuliwe, isiachwe ikielea.

Kurudi Mahé fanya Ijumaa asubuhi na mapema ikiwa chombo kinarudishwa Jumamosi, au Alhamisi ikiwa utabiri unapandisha noti. Wakati wa kusi, mawimbi ya njia hiyo yanakuja ubavuni, marefu na ya kuchosha. Punguza tanga kabla ya kutoka nyuma ya Praslin, wape watu dawa saa moja kabla, na vyombo vya jikoni vitoke juu ya meza. Matangi ya choo yamwagwe katikati ya bahari, si ndani ya hifadhi. Lala tena Sainte Anne, na Jumamosi uwahi pampu ya dizeli kabla ya saa mbili, kwa sababu vyombo vyote vya wiki hiyo vinarudi asubuhi moja na mpira wa kujazia ni wa kusubiriana. Weka risiti; fundi ataiomba kabla hajashuka majini kutazama mikuku.