Nilivyoweka sawa orodha yangu ya wabla baada ya DNA kuhamisha majina

Mwangaluka wadau. Kuna mtu kaniuliza nimewezaje kuweka sawa orodha ya wabla (warblers kwa Kiingereza), vile vindege vidogo vya huku Tabora, wakati kitabu cha zamani kinasema hivi na app ya kwenye simu inasema vingine, basi naeleza, maana najua wengi mnakwama hapohapo.

Zamani karibu kila kindege chenye mdomo mwembamba kinachookota wadudu kwenye majani kilikuwa kinatupwa kwenye familia moja, Sylviidae. Waliangalia umbo, na umbo linadanganya, ndege wasio na undugu wakiishi maisha yaleyale wanaishia kufanana. Wataalamu walipoanza kulinganisha DNA, ile ya mitokondria inayotoka kwa mama tu pamoja na ile ya kwenye kiini cha seli, familia ikapasuka vipande. Mwaka 2006 Per Alström, mtaalamu wa ndege wa Sweden, na wenzake wakatoa kazi iliyoupanga upya ukoo mzima, wa matete wakawa Acrocephalidae, akina Phylloscopus wanaotujia wakati wa baridi ya Ulaya wakawa na familia yao wenyewe.

Mimi nilichofanya ni kuacha kupanga kwa jenasi, yaani jina la kwanza la kisayansi, nikapanga kwa jina la pili, lile la spishi, kwasababu ndege akihamishwa mara nyingi lile linabaki. Mfano yule wa njano mwenye utosi wa giza, anapenda majani marefu karibu na maji. Kitabu changu kinamwita Chloropeta natalensis, leo ni Iduna natalensis. Mdomo wake mpana una vinywele pembeni utadhani ni ndege wa kudaka nzi hewani, kumbe DNA inamweka pamoja na pallida, mgeni wa rangi ya vumbi aliyekuwa Hippolais, wote wawili sasa ni Iduna! Na ndugu yake wa zamani wa kwenye mafunjo, gracilirostris, hakwenda naye, kapewa jenasi ya peke yake, Calamonastides.

Hapo angalieni sana, kuna gracilirostris mwingine kabisa, Acrocephalus wa kwenye matete, ndo maana jina la pili peke yake halitoshi. Nikaongeza safu ya jenasi ya zamani na safu ya familia, nikitafuta kwa jina lolote nampata.

Aliyenifurahisha kuliko wote ni Hyliota. Huyu ni wa miomboni, yuko juu kabisa kwenye matawi, dume mgongo mweusi, tumbo la njano iliyopauka, doa jeupe kwenye bawa, anatembea na kundi la ndege mchanganyiko kwahiyo ukimwona kwenye darubini una sekunde chache tu. Vitabu vilimweka na wabla, DNA ikasema hapana, hayumo hata kwenye ukoo wao mkubwa, leo ana familia yake, Hyliotidae. Mnaoishi Sikonge na Urambo huyo ni wa kumtafuta jamani, ni ndege wa Afrika tu.

Sylvietta, wale wenye mkia mfupi kama umekatwa, wamehamia Macrosphenidae pamoja na Melocichla. Eremomela na Camaroptera nimewapeleka Cisticolidae, hao hawana shida.

Msidhani ni majina ya mbali yanayotuhusu kidogo. Mwaka 2009 DNA hiyohiyo ilionyesha kwamba Scepomycter, kindege mwingine wa misituni, wa milima ya Rubeho na Ukaguru ametengana na yule wa Uluguru, akapewa jina rubehoensis. Bila kupima tungeendelea kumhesabu kama mmoja, na msitu wake ukikatwa tungesema si yupo Uluguru.

Walionibakia ni Cisticola. Kwao safu za majina ziko sawa ila porini bila kusikia sauti huwatofautishi, kwahiyo nawarekodi kwa simu kwanza ndo naandika. Mwenye rekodi za Kigoma anitumie.