Siku Paula Alipopita Embankment

Jumapili ya tarehe 13 Aprili 2003 nilikwenda kwenye marathoni ya London kumshangilia Catherine Ndereba. Nyumbani kwetu ni Nyeri, na kwa watu wa Nyeri Catherine ni binti yetu, askari wa Magereza aliyekimbia Chicago mwaka 2001 kwa saa 2:18:47 na kuvunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata, Chicago hiyo hiyo, Mwingereza Paula Radcliffe akaichukua kwa saa 2:17:18. Nilitaka niione ikirudi.

Tulisimama Embankment, kando ya mto Thames, mimi na shemeji yangu na bendera yetu. Jirani yetu, mzee mmoja Mwingereza, alikuwa na redio sikioni na kila mara alitupa habari. Maili ya tatu Paula aliikimbia kwa dakika 4 na sekunde 57. Shemeji akatabasamu. "Huyo atakatika tu."

Hakukatika. Nusu ya kwanza aliimaliza kwa dakika 68 na sekunde 2, na ya pili, jambo ambalo hadi leo nalistaajabia, aliikimbia kwa kasi zaidi: dakika 67 na sekunde 23.

Kelele zilianza mbali, zikaja zikipanda. Nikamwona. Kichwa kilikuwa kikitikisika mbele na nyuma kama cha mtu anayekubali kila anachoambiwa, uso umejikunja kwa maumivu, lakini miguu ilikuwa haina habari na mateso ya huko juu. Wanaume wawili Wakenya waliowekwa kudhibiti kasi walikuwa naye. Nilitazama vizuri: hakujificha nyuma ya mgongo wa yeyote. Alikimbia sambamba nao, upepo ukimpiga mwenyewe. Nikajikuta napiga kelele, "Twende, Paula, twende!" huku bendera ya Kenya i mkononi.

Catherine alikuja dakika kadhaa baadaye, peke yake, mtulivu. Tulimshangilia mpaka sauti zikakauka. Alimaliza wa pili kwa 2:19:55, muda ambao wanawake wachache mno duniani walikuwa wameufikia. Paula alikuwa ameandika 2:15:25.

Kwenye basi shemeji alishikilia kwamba wanaume ndio waliomvuta. Tulibishana hadi kituo chetu. Ubishi huo ulirudi mwaka 2011, Shirikisho la Riadha Duniani lilipotangaza kuwa rekodi za wanawake zitatambuliwa katika mbio za wanawake peke yao tu, na muda wa Paula ukawa karibu kushushwa hadhi. Watu walipinga, nami nikiwamo kwa moyo wangu wote, na ukaachwa ulivyo. Ulidumu hadi Oktoba 2019, Brigid Kosgei alipokimbia 2:14:04, Chicago tena.

Siku hiyo nilimpigia shemeji simu. Alipopokea tu akasema, "Najua. Imerudi nyumbani." Kisha akaongeza, "Lakini yule mama naye alikimbia, shemeji."